Bei ya Kitanda Safarini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lugulu)



Sisi watu wa reli twajua safari. Treni ilifika Kitale mwaka 1926, na zamani zile abiria wa daraja la pili alilala humo humo garini. Nauli moja ilitosha safari na mahali pa kulala. Siku hizi tukitumwa kazi Kitale au Bungoma twapanda basi, na usiku ukituingilia twatafuta loji.

Bei ya chumba imepanda, wala hatumlaumu mwenye loji peke yake. Katika hoteli iliyosajiliwa, chumba cha shilingi 1,000 huongezwa shilingi 160 za kodi ya VAT. Tena kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, kama 2022 na 2024, wageni wa tohara ya Wabukusu hujaa, na kitanda hakipatikani kwa bei ya Julai.

Lakini posho yetu ya usiku imesimama pale pale. Inayopungua ni pesa ya unga wa watoto.

Basi twataka posho ifuate bei ya kitanda, kwa mahali na kwa mwezi. Nasi tutunze stakabadhi, kila mmoja amletee katibu. Neno bila karatasi halishindi mezani.

Umoja ni nguvu.