Bomba Kabla ya Hita: Mpangilio wa Mabomba ya Maji Moto katika Nyumba za Kampala



Katika nchi za baridi boila ya nyumbani ina kazi mbili: kupasha vyumba joto na kutoa maji moto. Kampala, iliyo jirani na Ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, haina haja na kazi ya kwanza. Tunachotaka ni maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo, basi. Kwa kuwa kazi yenyewe inaonekana ndogo, imekuwa desturi mwenye nyumba kwenda dukani kununua hita, iwe ya umeme au ya sola, kisha kumwachia fundi apitishe mabomba pale patakapopitika, mara nyingi plasta ikiwa imeshapigwa na vigae vimeshabandikwa. Mada hii inaipinga desturi hiyo. Maji vuguvugu, kusubiri koki ipate moto, tangi kuvimba: lawama za haya yote hutupiwa hita, ilhali chanzo chake kwa kawaida ni bomba. Mchoro wa mabomba utangulie, hita ichaguliwe baadaye.

Tuanze na presha, maana hapo ndipo vilima vya mji huu vinapotutega. Maji ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka (NWSC) husukumwa kutoka ziwani, Ggaba, hadi kwenye matangi ya vilimani, kama yale yaliyoipa Muyenga jina lake la pili, Tank Hill. Kutoka huko huteremka yenyewe, na kila mita 10 za kimo huleta takribani bari 1. Nyumba iliyo mita 50 chini ya tangi inaweza kupata karibu bari 5 usiku watu wakiwa wamelala. Jirani aliye juu zaidi kilimani asipate hata nusu yake. Sasa litazame bafu lenyewe. Maji baridi yameungwa moja kwa moja kutoka mita ya NWSC, na maji moto yanatoka kwenye hita inayolishwa na tangi lililo mita 3 juu ya shawa, yaani bari 0.3. Yanakutana kwenye koki moja ya kuchanganyia. Baridi hushinda, tena hupenya ndani ya bomba la moto na kurudi hadi kwenye hita. Mwenye nyumba akiona maji vuguvugu anasema sola ni mbovu, ananunua kubwa zaidi, na hali inabaki ile ile. Dawa yake ni maji baridi na moto ya bafuni kutoka kwenye tangi moja, na maji ya mita yabaki kujaza tangi hilo na kuhudumia bomba la uani.

Jambo la pili ni pumzi. Lita 200 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 22 hadi 70 huongezeka kwa lita 4 hivi, na kwa kuwa maji hayashindiliki, lita hizo lazima zipate pa kwenda. Katika mfumo ulio wazi, bomba la hewa hupanda kutoka kichwani mwa hita hadi juu ya tangi la baridi. Lipande kiasi gani? Kanuni ya mafundi wa Uingereza, milimita 150 kisha milimita 40 kwa kila mita ya kimo, haikutungwa kwa kubahatisha: maji yanayokaribia kuchemka ni mepesi kuliko ya baridi kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo mita 1 ya maji baridi huinua maji moto milimita 40 zaidi. Aliyelikata bomba hilo fupi ataona maji moto yakimwagika juu ya mabati kila mchana, na hapo ndipo kosa la hatari huzaliwa: anapanda na kuliziba. Vali ya usalama kwenye mfumo uliofungwa hufanyiwa vivyo hivyo. Inadondosha matone hita inapopata moto, na huko ndiko kufanya kazi yake, lakini macho yanaona inavuja, basi inatiwa plagi. Tangi lililozibwa pumzi likikutana na kidhibiti joto kilichoganda, maji hupita nyuzi za kuchemka bila kuchemka. Siku chuma kikiachia, kila lita inayogeuka mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600.

Kwenye sola za paani zisizo na pampu, bomba ndilo pampu yenyewe. Maji yaliyopata moto kwenye paneli hupanda tangini kwa wepesi wake, na ya baridi hushuka kushika nafasi. Nguvu hiyo ni ndogo mno. Kiputo cha hewa kilichokwama kwenye elbo kinatosha kuisimamisha. Kwa hiyo bomba litokalo kwenye paneli lipande mfululizo, lisiiname popote njiani. Jua letu hapa lina kishawishi chake: kwa kuwa halitoki mbali na utosi mwaka mzima, hesabu ya mwanga peke yake inasema paneli ilazwe bapa. Ikilazwa hivyo maji hayana pa kupandia, na vumbi jekundu hubaki juu ya kioo kwa sababu mvua hailiteremshi. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 hupunguza mwanga wa utosini kwa asilimia isiyofika 4. Hiyo ni bei ndogo.

Kuhusu aina ya bomba, plastiki ya PPR imeenea nasi hatuna sababu ya kuikataa: haishiki kutu, na maungio yake yaliyoyeyushwa vizuri hayavuji. Lakini ina tabia zake. Hutanuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, maana yake mita 10 zikipanda nyuzi 50 hurefuka milimita 75, upana wa kiganja. Ikibanwa ukutani bila nafasi, hujipinda au huvuta viungo. Jua kali huichakaza, na paneli isiyotumiwa, wenyewe wakiwa safarini, inaweza kupita nyuzi 100, joto ambalo PPR haikutengenezewa. Mita za kwanza kutoka kwenye paneli ziwe za shaba. PVC ya kawaida ya maji baridi isiguse maji moto kabisa.

Urefu nao una gharama. PPR nene ya milimita 25 ina tundu la milimita 16.6; mita 15 zake hubeba lita 3 na ushei. Kila asubuhi maji hayo yaliyopoa humwagwa kabla ya moto kufika, na mita ya NWSC imeshayahesabu. Jiko na bafu vikipakana ukuta mmoja, hasara hii karibu inakwisha. Hakuna hita ya tangi ya bei yoyote inayoweza kuiondoa. Tena matawi marefu yasiyotumika hulaza maji kati ya nyuzi 20 na 45, joto ambamo bakteria wa Legionella hustawi.

Wapo watakaouliza: mbona nyumba nyingi zimefungwa mabomba kiholela na hazijapasuka? Swali ni la haki. Nyingi zimeokolewa na kitu ambacho hakikupangwa: maji yanayotanuka hurudi taratibu kupitia bomba lile lile la baridi linalolisha hita, hadi tangini. Kinga hiyo huondolewa siku fundi anapotaka kutibu maji baridi yanayopenya, akaweka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mlisho wa hita. Ametibu ugonjwa wa presha kwa kuziba pumzi, na kama bomba la hewa lilishatiwa kizibo, hakuna njia iliyobaki. Kutopasuka jana hakumwambii mtu lolote juu ya mfumo uliobadilishwa leo.

Pingamizi la gharama sioni kama lina uzito. Mchoro ni karatasi. Kinachogharimu ni kubomoa vigae. Lenye uzito zaidi ni hili: shawa ya umeme inayopasha papo hapo inafuta matatizo yote haya kwa bomba moja. Kwa vyumba vya kupanga, ambako mpangaji hamiliki paa, nakubali, mradi waya wa ardhi umeungwa kweli. Lakini shawa hiyo huvuta kilowati kadhaa kwa mkupuo, umeme ukikatika haina akiba hata ya ndoo moja, na jikoni haifiki. Kwa nyumba ya familia, basi, napendekeza mchoro unaopelekwa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) kuombewa kibali uonyeshe kimo cha tangi, njia ya bomba la hewa, na mahali vali ya usalama itakapomwagia, kisha mabomba yajazwe maji na kupimwa presha kabla mtu wa plasta hajaingia.