MAISHA YETU NA SALA ZETU

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Mchikichini, Dar es Salaam



Mara nyingi tukizungumzia sala twaulizana namna ya kusali: maneno gani, saa ngapi, novena ipi. Leo napenda tujiulize jambo linalotangulia hayo yote: anayesali ni mtu wa namna gani? Maana apigaye magoti mbele ya altare siku ya Dominika ndiye yule yule aliyesimama penye biashara yake Jumamosi. Kinywa chake ni kimoja, na mikono yake ni ile ile.

1. TUTAZAME HALI YETU

Sisi wa Mchikichini tunaishi kwa soko. Huku tuna mitumba ya Karume, kule tuna Kariakoo. Wengi wasio na mtaji huanza kwa mali kauli: mwenye duka humpa kijana bidhaa kwa neno lake tu kwamba akiuza atalipa. Utaratibu huu umewainua maskini wengi, lakini umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni ukweli wa neno. Mtu akiuza, akala fedha, akabadili namba ya simu na kuhama kijiwe, hakumdhulumu mwenye duka peke yake. Amewafungia mlango vijana wote watakaokuja kuomba kuaminiwa baada yake.

Tunayo pia lumbesa. Mkulima hujaziwa gunia lililoshonewa nyongeza juu, naye hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imekataza, lakini desturi haijakoma. Mzigo huo ukifika mjini, wako wanaoupima kwa sado iliyobonyezwa kitako. Hivyo mkulima amepunjwa na mnunuzi amepunjwa.

Na majumbani mwetu wamo wasichana wa kazi waliotoka Singida, Dodoma au Iringa. Baadhi yao huambiwa kila mwezi, “Nakutunzia mshahara wako,” na siku ya kuondoka hupewa nauli tu. Jioni nyumba hiyo inasali Rozari, na msichana huyo huyo ndiye anayeitikia.

2. NENO LA MUNGU LASEMAJE?

Nabii Amosi (8:4-6) awashutumu wafanyabiashara waliongoja kwa hamu Sabato ipite, wapate kupunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Tuangalie vema: watu hao hawakuacha kuishika Sabato. Waliishika, lakini mioyo yao ilikuwa sokoni. Isaya (1:15-17) afundisha kwamba Mungu hugeuza uso mbele ya mikono iliyojaa damu. Dawa anayoitoa nabii si kurefusha sala, bali ni kutenda haki na kumtetea yatima na mjane. Bwana wetu (Mt 5:23-24) amtaka mtu aiache sadaka yake altareni, akapatane kwanza na ndugu yake. Mtume Petro (1 Pet 3:7) awaonya waume kwamba kutowaheshimu wake zao kwaweza kuzuia sala. Naye Yakobo (5:4) asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Mungu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika nyumba ile zinapanda sala mbili: ya mwenye nyumba aombaye baraka, na kilio cha msichana adaiye haki yake. Mungu ni Baba wa wote wawili. Hawezi kumjibu mmoja kana kwamba hakumsikia mwingine. Pengine jibu la sala yetu limekwisha kutolewa, nalo ni hili: mlipe.

Mwaka 1514 huko Kuba, padre Mhispania Bartolomé de las Casas alikuwa akitayarisha mahubiri ya Pentekoste. Akasoma katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, juu ya sadaka itokanayo na mali ya dhuluma. Yeye mwenyewe alikuwa na wenyeji aliowatumikisha. Akawaachia, akawatetea maisha yake yote. Hata hivyo, baadaye alipendekeza waletwe watumwa Waafrika, kosa alilokuja kulijutia. Wongofu hauishi kwa siku moja.

3. JE, MKOSEFU ASISALI?

La hasha! Mtoza ushuru (Lk 18:9-14) alikuwa mdhambi, na sala yake ilipokewa kwa sababu hakujificha. Kinachozuia sala ni kuing’ang’ania dhuluma huku tukiomba baraka. Zakayo (Lk 19:8) hakuishia kwenye majuto. Aliahidi kurudisha mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 (na. 2412) nayo yafundisha kwamba haki yadai kurudisha kilichoibwa. Dawa ya deni ni kulipa. Asiye na uwezo leo amwendee anayemdai, aseme kweli, wapatane kulipa kidogo kidogo.

Lakini tusiligeuze fundisho hili kuwa fimbo ya kuwapigia wenzetu. Soko la Mchikichini lilipoungua Januari 2022, waaminifu na wadanganyifu walipoteza mali zao pamoja. Asiwepo wa kumwambia mgonjwa au aliyefilisika kwamba Mungu hamsikii kwa sababu ya dhambi zake. Rafiki za Ayubu walisema hivyo, na Mungu akawakemea.

4. TUFANYE NINI?

a) Kila Jumamosi jioni, kabla ya Misa ya Dominika, kila mmoja ajiulize: ni nani ananidai, na nimezuia haki ya nani?

b) Mfanyakazi wa nyumbani alipwe mkononi mwake kila mwisho wa mwezi.

c) Wanajumuiya wanapopeana mali kauli, wawepo mashahidi wawili, wawasaidie pia kupatana biashara ikiharibika.

d) Viongozi tutangulie: mapato na matumizi ya Jumuiya, pamoja na rambirambi, yasomwe mbele ya wote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni dhuluma zipi tumezizoea hapa mtaani hata hatuziiti tena dhambi?

2. Jumuiya yetu yawezaje kumsaidia mwenye deni bila kumwaibisha?

3. Wafanyakazi wa majumbani mwetu wana nafasi gani katika Jumuiya: ya kuitikia tu, au hata ya kusema?

Mungu atujalie mikono safi ya kumwinulia. Amina.