Maji ya Ngarambe na Swali la Imani



Swali la kwa nini watu humwamini Mungu, au miungu, limezoea kujibiwa na watu waliokwisha kuamua kwamba muumini amepotoka. Mwanafalsafa Feuerbach, mwaka 1841, alisema binadamu huzichukua sifa zake bora, akazipandisha mbinguni, kisha akazisujudia. Freud naye, mwaka 1927, aliiona dini kuwa njozi ya mtu mzima ambaye bado anamtafuta baba wa kumlinda. Siku hizi wapo wanasaikolojia wanaosema akili zetu zina wepesi wa kuona mwenye nia nyuma ya kila mtikisiko wa majani, kwa kuwa mababu waliokimbia chui asiyekuwepo walipona, na waliompuuza chui aliyekuwepo hawakuacha wajukuu.

Sizikatai hoja hizi. Ninachokataa ni yule muumini wanayemchora: mtu mmoja, peke yake, anawaza. Naomba leo tumtazame muumini akiwa katikati ya wenzake, tena kwenye ardhi tunayoijua.

Mwaka 1904, huko Ngarambe katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo. Masimulizi ya wazee yanasema alizama katika kidimbwi cha mto, ndugu zake wakamtafuta wasimpate, na kesho yake akaibuka na nguo zake kavu. Alijenga nyumba kubwa ya mizimu, akatoa dawa: maji, pamoja na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Aliyenyunyiziwa, risasi ya Mjerumani ingegeuka maji ikimfikia.

Kuanzia hapa wengi husimulia kwa huruma iliyochanganyika na aibu, kana kwamba wazee wetu walidanganywa kama watoto. Lakini hebu tuangalie mambo yalivyokuwa. Tangu 1902 utawala wa Gavana von Götzen ulikuwa umeanzisha mashamba ya pamba ya lazima. Akida na jumbe walisimamia, kiboko kilifanya kazi, na ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuupokea. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wambunga hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwaita. Wengine walikuwa na visa vya zamani baina yao. Mmatumbi angejuaje kwamba Mngindo wa ng'ambo ya pili hatamchongea kwa akida?

Alijua kwa maji. Mahujaji walimiminika Ngarambe vikundi kwa vikundi kwa miezi mingi, wakaambiwa wasubiri. Habari ilinong'onwa kijiji hadi kijiji. Aliyepokea maji alishika miiko pia, asilale na mwanamke, asipore mali. Aliyeishika miiko hiyo mbele ya macho ya wenzake alikuwa ameonyesha, kwa mwili wake, kwamba ni mwenzao. Nasema hivi kwa uzito: kabla maji hayajawa kinga ya risasi, yalikuwa kiapo. Wala hayakuota hewani. Watu wa kusini walikuwa na desturi ya zamani ya kwenda kwa mzimu wa Bokero, kule mto Rufiji, kuomba mvua na mavuno. Kinjikitile aliwapa jipya kwa njia ambayo miguu yao ilikwisha kuizoea.

Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa pamba, na vita dhidi ya Wajerumani ikaanza. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti, vita ikiwa bado changa. Tarehe 30 Agosti, Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Mahenge, na bombomu ziliwafyeka kwa mamia. Kama imani ni dhana inayosubiri kupimwa, kipimo ndicho hicho, na jibu lilikuwa wazi.

Hata hivyo mwezi uliofuata maji yalikuwa yakipokewa Ungoni na Ubena. Waliokufa, ilisemwa, walivunja miiko. Msomi wa maabara atacheka, na mimi namwomba asiharakishe. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande, anaeleza ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanalouliza ni kwa nini liliwaangukia hawa, saa hii. Mchwa hawajibu hilo, wala fizikia haijibu. Risasi inaeleza kifo, haielezi kwa nini kaka yangu na si mimi, na binadamu aliyefiwa anauliza hilo la pili hata akiwa na shahada tatu.

Tena wapo walioacha kuyategemea maji wasiache kupigana. Kufikia 1906 vita ilikuwa ya kuvizia porini, na Wajerumani waliijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Makadirio ya vifo, vingi kwa njaa, yanafika 250,000 hadi 300,000.

Baada ya hapo, kwa hesabu ya Freud au hata ya mfanyabiashara, kusini ingepaswa kuwa nchi ya watu wasioamini lolote. Badala yake Uislamu ulienea haraka kwa Wangindo na Wamatumbi, na misheni za Songea na Mahenge zikajaa wakatekumeni. Mwenye shaka atasema walifuata shule, chakula na kinga ya padri. Bila shaka wapo waliofuata hayo, na sioni dosari kwa mwenye njaa. Lakini msikiti na kanisa viliwapa pia kile ambacho maji yalikuwa yamewapa: jamaa mpya baada ya ukoo kusambaratika, miiko ya kushika pamoja, na mahali pa kulipeleka lile swali la kwa nini mimi.

Naongeza jambo moja kabla ya maswali yenu, maana najua kuna masheikh na mapadri ukumbini. Kueleza jinsi imani inavyoshika mizizi si kusema kwamba Mungu yupo au hayupo. Na maelezo yangu yana mpaka. Yanamfikia anayeamini pamoja na wenzake. Hayamfikii yule anayeamka alfajiri akasali peke yake, asiyeonwa na mtu, asiyetarajia mvua wala ushindi, na ambaye ukimuuliza sababu atakutazama tu. Watu wa namna hiyo wapo katika kila dini niijuayo, na nadharia ya jamii peke yake haitoshi kuwaeleza.