CHAJI IPO, NGUVU HAIPO: PIKIPIKI ZA UMEME NA JUA LA TAMBARARE

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika



Nimeombwa nizungumzie zile pikipiki nne za umeme tulizonunua kwa ajili ya huduma ya wagonjwa majumbani. Wengi wenu mnazifahamu. Sehemu ya fedha ilitoka kwa marafiki zetu wa nje, na sehemu ilitoka kwenye minada ya mavuno ya sharika zenu, penye mikungu ya ndizi, kuku na mbuzi mlionunua kwa bei ambayo sokoni mngeikataa. Kwa hiyo mna haki ya kujua zilikosumbua, na kujua pia mahali ambapo sisi wa ofisini tulikosea. Nitaanza na kosa letu.

Mwezi Februari mwaka jana, muuguzi wetu aliondoka zahanati saa tano asubuhi akiwa amepakiwa na dereva, wakiwa na dawa ya maumivu ya mgonjwa wa saratani aliyeko mtaa wa mbali huku chini, upande wa Mto Pangani. Barabara ile ni ya mchanga na mwishoni ina kilima. Walipofika kilimani pikipiki ilipungua mwendo, ikaanza kutambaa, kisha ikagoma. Walikaa chini ya mwarobaini karibu saa nzima. Ilipowashwa tena ilikwenda. Mgonjwa alipata dawa yake saa tisa alasiri, na wenye wagonjwa wa namna hiyo nyumbani wanajua saa nne za kungoja zina uzito gani.

Haikuwa mara ya kwanza. Kamati ilikaa, na mimi nikiwamo. Tukasema: asubuhi pikipiki inakwenda vizuri, jioni inakwenda vizuri, inakufa mchana tu, basi dereva huyu anabeba abiria kwa siri na kuichosha betri. Tukamsimamisha kazi. Karatasi ile niliisaini mimi. Kijana alisema neno moja tu kabla ya kutoka: "Chaji ipo, nguvu haipo. Tazameni kioo." Hatukukitazama.

Dereva wa pili alipoanza kazi, wiki ya pili pikipiki iligoma palepale, saa zilezile. Na kioo kilionyesha chaji zaidi ya nusu. Hapo ndipo tulipomwita fundi aliyesomea umeme VETA, aje na mita yake na kipimajoto. Mambo nitakayowaeleza sasa ni yale aliyotufundisha, pamoja na tuliyoyathibitisha wenyewe kwa mwaka mzima.

KWA NINI JOTO HUPUNGUZA NGUVU

Pikipiki ya umeme ina sehemu tatu zinazopata joto: betri, kontrola na mota. Kontrola ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuugawia mota kadiri dereva anavyovuta mafuta. Bado tunasema "kuvuta mafuta", ingawa mafuta hayamo. Mota yenyewe, kwa pikipiki zetu, imo ndani ya gurudumu la nyuma.

Umeme ukipita kwenye waya huzaa joto. Ukiongeza umeme unaopita mara mbili, joto linalozaliwa huongezeka mara nne. Sasa fikirini mahali panapohitaji umeme mwingi: kwenye mchanga na mlimani, na watu wawili mgongoni. Hapo ndipo mwendo unapokuwa mdogo, kwa hiyo hata upepo wa kuipooza haupo. Tena, shaba ya nyaya za mota kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kuuzuia umeme: kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Sentigredi, ukinzani wake hupanda kwa karibu theluthi moja. Joto huzaa joto. Nazo sumaku zilizomo ndani ya mota hupungua nguvu zikipata joto, na zikichomwa kupita kiasi hazirudi tena kuwa kama zilivyokuwa.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wameweka ulinzi. Joto likifika kiwango fulani, kontrola hupunguza umeme yenyewe. Likizidi, huukata kabisa. Ikipoa, huurudisha. Ni kama mama anayemwona mtoto analima saa saba mchana bila kofia, akamwita aje kivulini. Jembe halijavunjika, ila mtoto anaokolewa. Basi, pikipiki inayogoma kwenye jua na kuamka ikipumzika, mara nyingi inajilinda. Swali la kujiuliza ni sehemu ipi kati ya zile tatu inayoomba kupumzika, na kwa nini.

NAMNA YA KUTAMBUA

Fundi alitufundisha hatua ambazo hata mjumbe asiyejua umeme anaweza kuzisimamia.

Kwanza, tazama kioo pikipiki inapogoma. Chaji imebaki kiasi gani? Kuna namba au taa ya onyo? Iandikwe kwenye daftari pamoja na saa, mahali na mzigo. Kitabu cha pikipiki hueleza maana ya namba hizo.

Pili, pima volti za betri pikipiki ikiwa imesimama, kisha zikipimwa inapopanda kilima. Betri zetu ni za litiamu za volti 72, ambazo zikijaa hufika volti 84. Pikipiki ya kwanza ilikuwa na volti 78 ikisimama, na 74 kilimani. Hilo ni sawa. Betri ni nzima. Pikipiki ya pili ilianguka kutoka 78 hadi 66. Hiyo ina ugonjwa, ama ndani ya betri ama kwenye maungio ya nyaya.

Tatu, ikigoma, isimamishwe, izimwe, kisha ipimwe joto kontrola, gamba la mota, betri, na kila plagi ya nyaya nene. Kama kipimajoto hakipo, sogeza kiganja karibu bila kushika, maana mota inaweza kuunguza. Iliyo moto kuliko wenzake ndiyo ya kuanzia. Plagi yenye joto, au iliyobadilika rangi ikawa kahawia, imelegea. Mota yenye harufu ya kuungua isiendeshwe tena siku hiyo.

Nne, inua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono. Likisita, breki inabana. Pima na upepo wa tairi. Breki inayobana na tairi laini huila betri na kuichemsha mota, hata barabara ikiwa nzuri.

TULICHOKIKUTA

Ndugu wajumbe, tulichokikuta kilitufedhehesha. Katika pikipiki ya kwanza, chini ya kiti, kontrola ilikuwa imefungwa nailoni na kuzungushiwa sponji. Nani alifunga? Sisi. Zilipofika tuliogopa vumbi la tambarare, tukatoa agizo zifungwe zote nne. Kontrola ina mapezi ya bati yanayotoa joto nje, nasi tulikuwa tumeivisha blanketi kwenye jua la Februari.

Katika pikipiki ya pili, plagi ya betri ilikuwa imelegea na kuungua upande mmoja. Fundi aliikata akafunga nyingine, na volti kilimani zikarudi kuwa kama za wenzake. Mbili kati ya zile nne zilikuwa na breki za nyuma zilizokazwa kupita kiasi. Tairi zote zilikuwa na upepo pungufu, kwa sababu hatukuwa na pampu yenye kipimo. Tena pikipiki zote zilikuwa zinaegeshwa juani nje ya zahanati, na zikirudi mchana zilichomekwa chaji papo hapo, betri ikiwa bado moto, ndani ya stoo ya bati isiyo na dirisha.

Hili la mwisho ni kubwa. Betri nyingi za litiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Na betri inayokaa imejaa kabisa mahali penye joto kali huzeeka haraka kuliko iliyo mahali pa baridi. Kwa hiyo, mbali na kugoma njiani, tulikuwa tunapunguza miaka ya betri, na betri ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hizi.

TULICHOREKEBISHA

1. Tulitoa nailoni na sponji. Mapezi ya kontrola husafishwa kwa brashi kavu kila Jumamosi.
2. Plagi na nati za nyaya hukaguliwa kila mwezi, betri ikiwa imezimwa na kuchomolewa.
3. Upepo wa tairi hupimwa kila wiki kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na breki huzungushwa kwa mkono.
4. Kila zahanati imejenga banda la makuti la kuegeshea. Makuti hayapitishi joto kama bati.
5. Pikipiki ikirudi, hupumzika kivulini angalau saa moja kabla ya kuchajiwa. Tunapoweza, tunachaji usiku na kumaliza karibu na asubuhi.
6. Safari za mbali huanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye mchanga mzito abiria hushuka, na dereva hapumziki juani bali chini ya mti.

Yako pia mambo matatu ambayo kamati isimruhusu mtu yeyote kuyafanya. Asimwage maji juu ya betri au kontrola yenye moto ili ipoe. Asifungue betri wala kuunganisha waya wa kuruka ulinzi wake ili pikipiki iendelee; ulinzi ule ndio unaozuia moto. Na betri iliyovimba, inayotoa harufu au iliyoanguka kwa kishindo isichajiwe kabisa. Itolewe nje, mbali na nyumba na nyasi, fundi aitwe.

Je, yote yamepona? Hapana, na ni lazima niseme hivyo mbele ya marafiki waliochangia. Pikipiki tatu zimepita Januari na Februari ya mwaka huu bila kugoma. Ya nne bado hupungua nguvu kwenye kilima kile cha mchanga ikiwa na watu wawili. Fundi alipima kila kitu, akasema haina ugonjwa: mota yake ni ndogo kwa kazi ile. Tumeihamishia usharika wenye barabara tambarare, na mtaa wa kilimani unahudumiwa kwa pikipiki ya petroli ya zamani.

Kosa hilo lilianzia kwenye ununuzi. Karatasi ya muuzaji ilionyesha nguvu kubwa, nasi tukafurahi. Hatukuuliza kama ile ni nguvu ya kilele, ambayo mota huitoa kwa muda mfupi tu, au nguvu ya kudumu, ambayo inaweza kuitoa saa nzima bila kuchemka. Kamati itakayonunua kesho iulize mambo manne: nguvu ya kudumu ni kiasi gani? Betri na kontrola huvumilia joto la nyuzi ngapi? Ikipata joto, hupunguza nguvu taratibu au hukata ghafla? Na fundi wa karibu mwenye vipuri yuko wapi? Kisha ijaribiwe saa saba mchana, kwenye kilima chenu, ikiwa na mzigo wenu. Msikubali majaribio ya asubuhi kwenye lami.

Kwa marafiki wetu wafadhili, ombi langu ni dogo. Mnapochangia pikipiki, wekeni katika bajeti mita moja, kipimajoto, pampu yenye kipimo, na siku tatu za mafunzo ya madereva na wauguzi. Vyote hivyo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na betri moja.

Nimalizie na yule kijana. Alikaa nyumbani miezi miwili. Fundi alipomaliza kazi yake, tulimwita kwenye kamati. Mwenyekiti, mzee wa umri wa baba yake, alisimama akamwomba msamaha, nami nikafanya hivyo. Tulimlipa posho ya miezi ile miwili na kumrudisha kazini. Tulipomwuliza kama ana la zaidi, alisema anaomba jambo moja: lile neno la kwamba alibeba abiria kwa siri liko kwenye muhtasari wa kikao, basi na kuondolewa kwake lawama kuandikwe kwenye muhtasari uleule, kwa sababu watoto wake watasoma shule ya usharika huu.

Tumeandika. Na sasa daftari la kila pikipiki lina safu mpya upande wa kulia, yenye kichwa kisemacho: "Maelezo ya dereva." Kamati haijadili hitilafu yoyote kabla safu hiyo haijasomwa kwa sauti.