Barua Isiyo Yako



Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, wengi wametawanyika, na barua ya Msalaba Mwekundu inaweza kumfikia asiye mwenyewe. Majina yetu yanafanana mno! Basi usitazame jina la mwandikiwa tu. Angalia na la baba yake, na la mama yake. Si wewe? Usiisome mbele ya majirani. Barua hizo hazifungwi, nazo zinaweza kuonyesha ndugu amekimbilia wapi; pengine wapo wanaomtafuta kwa ubaya. Usiitupe pia: huko ilikotoka, jamaa wasiopata jibu wataweka matanga. Mrudishie aliyeileta, na kama unajua mwenyewe alielekea Masisi ao Minova, mwambie yeye peke yake.