Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili: Itikadi Ilivyo na Inavyodhaniwa



Katika mafundisho yote ya Kanisa Katoliki, sidhani kama liko jingine linalopingwa na kutetewa kwa juhudi nyingi kabla ya kujulikana lasema nini, kama hili la Bikira Maria kukingiwa dhambi ya asili. Waulizeni Wakristo watokao kanisani tarehe 8 Desemba wameadhimisha nini, na aghalabu mtajibiwa kuwa ni siku ile Maria alipochukua mimba ya Yesu kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Wala si haki kuwalaumu sana, maana Injili waliyosomewa ni ile ya Luka, sura ya kwanza, ambamo malaika Gabrieli aingia kwa binti wa Nazareti na kumpasha habari. Lakini mimba ya Yesu huadhimishwa tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Ama tarehe 8 Desemba hesabu yake ni nyingine, kwani ukihesabu miezi tisa kutoka hapo wafika tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwa Maria mwenyewe. Mimba inayotajwa, basi, ni ile iliyotungwa tumboni mwa Anna mkewe Yoakimu, na mtoto ni Maria.

Na hapo huzuka dhana ya pili, kwamba Anna naye alishika mimba pasipo mume. Itikadi hii haisemi hivyo. Majina ya wazazi hao hayamo katika Biblia, bali yametufikia kwa kitabu cha karne ya pili kinachonasibishwa na Yakobo. Na kwa imani ya Kanisa, Maria alizaliwa kama azaliwavyo kila mwana wa Adamu, kwa baba na mama. Neema inayosemwa ilikuwa katika roho ya mtoto. Maana dhambi ya asili si tendo alilolitenda mtoto mchanga, wala si unajisi wa kitanda cha ndoa kama wengi waonavyo. Ni kukosekana kwa ile neema ya utakaso ambayo Adamu aliipoteza yeye na uzao wake, hata kila mmoja wetu huja duniani akiwa maskini wa urithi aliokusudiwa kuwa nao.

Iliyo kubwa kuliko hizo, na ambayo yastahili tuikalie kitako, ni dhana isemayo kwamba maadamu Maria hakuwa na dhambi, basi hakuhitaji Mwokozi. Hoja hii si ya wajinga, wala haikuzuliwa na mahasimu wa Roma. Mnamo mwaka 1140 hivi Mtakatifu Bernard wa Clairvaux, ambaye mapenzi yake kwa Bikira yalijulikana kote, aliwaandikia mapadre wa kanisa kuu la Lyon kuwakemea kwa kuianzisha sikukuu hii pasipo kutaka shauri la Roma. Na katika karne iliyofuata Thomas Aquinas alisema bayana kuwa, kama roho ya Maria isingaliguswa kamwe na waa la asili, utukufu wa Kristo wa kuwa Mwokozi wa watu wote ungalipunguzwa. Nawataja wawili hawa kwa heshima kubwa, kwa kuwa wao ndio walioweka sharti ambalo kila mtetezi baada yao alilazimika kulitimiza, nalo ni kwamba lolote litakalosemwa juu ya mama lisimpunguzie mwana hata chembe.

Aliyelitimiza ni John Duns Scotus, Mfransisko wa Scotland, aliyefundisha Oxford na Paris akafariki Cologne mwaka 1308. Hakuikwepa hoja ya Thomas, aliigeuza. Alisema kuwa mpatanishi aliye mkamilifu hana budi, walau kwa mtu mmoja, kukomboa kwa namna iliyo kamilifu kupita zote, na kumkinga mtu na dhambi ni ukombozi mkubwa kuliko kumsafisha akiisha kutiwa waa. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu jambo hilo. Zamani za utumwa, mtoto wa watumwa wawili alizaliwa mtumwa, si kwa kosa lake, bali kwa kurithi hali ya wazazi wake. Tuseme basi ametokea mtu akamlipia fidia mtoto huyo angali tumboni, akazaliwa huru, asiujue mnyororo wala mnada: je, huyu hakukombolewa? Amekombolewa, tena deni lake la shukrani limezidi la nduguye aliyegombolewa ukubwani. Ndipo Maria katika utenzi wake akamwita Mungu Mwokozi wake, na neno hilo, ambalo wengi hulitoa kama burhani dhidi ya itikadi hii, ni shahidi wake.

Papa Pius IX alipoitangaza tarehe 8 Desemba 1854, katika hati iitwayo *Ineffabilis Deus*, alieleza kuwa Maria alikingiwa tangu nukta ya kwanza ya kutungwa mimba yake, kwa neema ya pekee ya Mungu na kwa kutazamia stahili za Yesu Kristo. Hizo stahili za Kristo ndizo zinazosahauliwa na wapingao, na, nasema kwa uchungu, na wahubirio pia. Nazo zikiondolewa, kinachobaki si imani ya Kanisa.

Wanaodhani kuwa jambo hili lilibuniwa mwaka ule wakumbuke kuwa Wakristo wa Mashariki waliadhimisha mimba ya Anna kabla ya mwaka 1000, na hata leo Waorthodoksi huiadhimisha tarehe 9 Desemba ijapokuwa hawaikubali itikadi yenyewe. Kwamba Papa Sixtus IV aliikubali sikukuu mwaka 1476, na mwaka 1483 akazikataza pande zote mbili zisiitane wazushi. Na kwamba Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulipotoa amri yake juu ya dhambi ya asili ulisema haukukusudia kumtia Maria ndani yake.

Ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi, iliyomo katika Bukhari, ya kuwa kila mtoto azaliwapo huguswa na shetani ila Maryamu na mwanawe. Heshima hiyo yanifurahisha. Lakini ni taksiri ya elimu kudai kuwa ni itikadi ile ile, kwa kuwa Uislamu haufundishi dhambi ya kurithi.

Ombi langu nalielekeza kwa mapadre na makatekista walio katika ukumbi huu. Tarehe 8 Desemba ijayo, kabla ya kuifafanua Injili ya Luka, waambieni waumini kwa sentensi mbili kuwa mtoto wa sikukuu hii ni Maria tumboni mwa Anna, na kuwa aliyemkinga ni Kristo. Ayapingaye mafundisho haya naye asome kwanza hati ya mwaka 1854, kisha aje tujadiliane. Mlango wangu u wazi.