Njia Moja Haitoshi: Mitandao ya Jumuiya Katika Nchi ya Vilima
(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo, Kisii na Nyamira)



Leo tunaongea juu ya kitu ambacho wengi hudhani ni cha makampuni ya intaneti peke yake: kanuni ambazo mitambo hufuata ili kuipitisha habari hadi inakokwenda.

Tuseme barabara ya Kisii kwenda Keroka imefungwa. Dereva anayetegemea uvumi atazungushwa bure. Lakini kama kila stendi ingetangazia zingine zote hali ya barabara zake yenyewe, kila dereva angekuwa na ramani nzima, ajichagulie njia fupi. Ndivyo itifaki za hali ya viungo zifanyavyo. Kila mtambo unatangaza viungo vyake tu, wengine wanapitisha tangazo, kisha kila mmoja unapiga hesabu yake. Hesabu hiyo ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeichapisha mwaka 1959.

Itifaki moja ya aina hii, OSPF, ilitolewa mwaka 1989. Iko ndani ya mabenki yenye matawi na vyuo vikuu. Nyingine, OLSR, ilichapishwa mwaka 2003 kwa mitambo isiyotumia waya, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi.

Huko Peebles Valley, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, kliniki ya kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI ilikuwa na intaneti ya setilaiti. Katikati ya miaka ya 2000, majirani walisaidiwa na watafiti wa Taasisi ya Meraka kuweka mitambo midogo katika nyumba, shule na mashamba, ikitumia OLSR. Ni nchi ya vilima kama kwetu. Aliyezibwa na kilima alifikiwa kupitia kwa jirani. Kule Berlin nako, kikundi cha Freifunk kimeweka mitambo hata kwenye minara ya makanisa.

Sasa, jameni, tusikilizane hapa. Fundi atawaambia, "Mtandao huu unajitengeneza wenyewe." Si kweli kabisa. Itifaki huchagua kati ya njia zilizopo, haijengi njia. Kama zahanati, shule na ofisi ya ushirika zote zinategemea mtambo mmoja juu ya Manga, siku stima ikipotea au radi ikipiga pale, wote mmekatika. Na radi za Kisii mnazijua.

Kwa hivyo kabla ya kuchanga pesa za kuongeza kasi, changeni za njia ya pili. Muulizane: mtambo huu ukizimika, nani bado anafikika? Betri na ufunguo viko kwa nani? Leseni je? Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa mitandao ya jumuiya mwaka 2021. Usomeni kabla ya kununua chochote.

Halafu siku ya kukabidhiwa kazi, mwambieni fundi azime mtambo mkubwa mbele ya wanachama. Kama muuguzi bado anaweza kuita gari la wagonjwa kupitia mtandao wenu, mlipeni. Kama hawezi, kazi haijaisha.